Walioondoka Kilindini Wasirudi: Hotuba ya Kuwakumbuka Abiria wa Meli Khedive Ismail

Wazee wetu, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mlioziacha shughuli zenu jioni hii: assalamu alaikum, na habari za jioni.

Naomba tuanzie gatini. Gati la Kilindini tunalijua sote, na wengine wetu tumelelewa na kusomeshwa kwa ujira wa kazi za pale. Mwanzoni mwa Februari 1944, katika msimu wa kaskazi, meli tano zilizopakia wanajeshi ziling'oa nanga katika bandari hiyo kuelekea Colombo, katika kisiwa cha Ceylon ambacho leo tunakiita Sri Lanka. Mojawapo ya meli hizo, Khedive Ismail, haikufika. Siku ya Jumamosi tarehe 12 Februari, yapata saa nane na nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iliipiga kwa topido mbili, yaani makombora yanayokwenda chini ya maji, na katika muda usiofika dakika tatu ilikuwa imekwisha zama. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511. Walionusurika ni wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297.

Nimeitaja idadi hiyo mapema kwa makusudi, ili tusikae tukiingojea kama watu wanaongojea mwisho wa ngano. Ninalotaka kulisema ni jingine. Habari ya meli hii imekwisha andikwa, tena imeandikwa kwa bidii na watu walioheshimu kazi yao, lakini karibu kila mara inasimuliwa kutoka kwenye sitaha ya manowari zilizoilinda: nahodha aliona nini, aliamua nini, alipata uchungu gani. Mimi naomba tuisimulie kuanzia ngazi ya kupandia melini, pale Kilindini, kwa sababu wengi wa waliokuwemo walikuwa askari wa Afrika Mashariki, na lugha iliyokuwa ikiwaunganisha kambini, lugha ya amri na ya utani, ni hii hii ninayosema nanyi sasa.

Meli yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya vita. Iliundwa mwaka 1922 katika mji wa Greenock, Uskoti, kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikapewa jina la Aconcagua, na kazi yake ilikuwa kuchukua abiria baina ya Valparaíso na New York. Mwaka 1935 iliuzwa kwa kampuni ya Misri na kupewa jina la Khedive Ismail, yule mtawala ambaye katika enzi yake Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Watu wa pwani wana sababu yao ya kulikumbuka jina hilo, kwani ni Ismail huyo huyo aliyetuma merikebu zake mwaka 1875 kwenda kuiteka Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kabla ya kulazimishwa kuondoka. Meli iliyokuwa pacha wake, iliyoundwa pamoja naye kwa Wachile na kuuzwa pamoja naye kwa Wamisri, iliitwa Mohamed Ali El-Kebir, nayo ilizamishwa na nyambizi ya Ujerumani mwezi Agosti 1940, ikiwa imepakia askari. Mwaka huo huo wa 1940 Waingereza waliichukua Khedive Ismail kuwa meli ya kusafirisha majeshi.

Meli ya abiria ikigeuzwa kuwa ya askari hubadilika tumboni. Vyumba vya daraja la juu hubaki kwa maofisa na kwa wanawake, na nafasi za chini, zilizokuwa za mizigo au za abiria wachache, hujazwa mamia ya watu wanaokula na kulala mahali pamoja. Ngazi za kupandia juu, hata hivyo, haziongezeki kwa kadiri ile ile ya watu. Naomba mlishike jambo hilo, kwa maana nitalirudia.

Kwa nini Kilindini? Jibu liko mwaka 1942. Mwezi Aprili wa mwaka huo ndege za Japani, zilizorushwa kutoka manowari za amiri wao Nagumo, ziliishambulia Colombo, na Uingereza ikauona mkusanyiko wa manowari zake huko Ceylon kuwa umo hatarini mno, ikauhamishia makao yake Mombasa. Shule ya Allidina Visram, ile inayotazama bahari, ilichukuliwa na jeshi, na ndani ya madarasa yake wataalamu waliketi usiku na mchana wakifumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Mwezi Mei nyambizi ndogo za Wajapani zilipenya hadi ndani ya bandari ya Diego Suarez, Bukini, yaani Madagaska, na katika Juni na Julai nyambizi kubwa zilizamisha zaidi ya meli ishirini katika mlango-bahari wa Msumbiji. Vita tunavyozoea kuviona katika picha kama vita vya theluji za Ulaya vilikuwa vimefika katika maji ambayo majahazi ya Lamu na Zanzibar yamepita kwa karne nyingi.

Sasa tutazame ngazi. Mapema Februari 1944 walipanda watu 996 wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, maofisa na askari pamoja. Walipanda wanamaji wa Kiingereza 271. Walipanda wauguzi wa kijeshi zaidi ya 50 pamoja na msimamizi wao, wasichana 19 wa utumishi wa jeshi la majini, na wanawake wengine 9 wa kikosi cha huduma ya kwanza. Mabaharia wa meli walikuwa kazini mwao. Hao wapiga mizinga walikuwa wakienda kuungana na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa begani alama ya kichwa cha kifaru, ambayo ilikuwa ikifanya mazoezi Ceylon kabla ya kuingizwa katika misitu ya Burma. Wenzao waliotangulia walikwenda kupigana katika bonde la Kabaw, wakati wa masika ya huko, katika tope na homa, na hadi leo katika nyumba nyingi za bara na pwani kuna mzee anayekumbukwa kwa kuwa "alikwenda Bama".

Kijana wa mizinga si askari wa kuokotwa njiani. Mzinga wa kivita unahitaji watu wanaojua kupima umbali, kusoma ramani, kupiga hesabu ya pembe, kusikiliza simu ya waya na kurudia agizo bila kukosea hata tarakimu moja. Vijana waliochaguliwa kwa kazi hiyo walikuwa wamefunzwa kwa muda mrefu, na baadhi yao walikuwa wasomi wa vijiji vyao, wale ambao barua za mtaa mzima zilisomwa na kuandikwa kwa mikono yao. Wengi walitoka bara, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni mto au ziwa. Kwao bahari ya Mombasa ilikuwa kitu cha kuonekana mara ya kwanza, na meli ilikuwa nyumba ya chuma inayotikisika. Nikifikiria usiku wao wa kwanza baharini, nawaona wakiwa wamelala kwa safu mle chini, wengine wakitapika, mmoja akiomba dua, mwingine akiwachekesha wenzake ili asionekane kuwa na hofu.

Msafara ulikwenda karibu wiki nzima. Ulilindwa na manowari kubwa ya zamani iitwayo Hawkins na manowari mbili za mwendo wa kasi, Petard na Paladin. Meli nyingine za askari zilikuwa City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Walipofika kusini mwa Maldivi, katika mlango-bahari unaoitwa wa Digrii Moja na Nusu, mchana ulikuwa mweupe na chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha liwa. Hapo ndipo nyambizi iitwayo I-27, chini ya kamanda Fukumura Toshiaki, ilipokuwa ikivizia. Haikuwa ngeni katika bahari hii. Mwezi Juni 1943 ilikuwa imeizamisha meli Dah Pu ikiwa imetia nanga katika bandari ya Maskati, mbele ya macho ya watu wa mji.

Topido mbili zilipata shabaha. Meli ya chuma iliyopasuliwa chini ya mstari wa maji, penye injini na matangi ya mvuke, haina muda. Maji huingia kwa uzito kuliko pampu yoyote, mvuke hulipuka, umeme huzimika, na ngazi zilizokuwa zimesimama wima hulala ubavu pamoja na meli. Mtu aliyekuwa juu sitahani anaweza kurushwa majini au kuruka. Mtu aliyekuwa chini, gizani, katikati ya mamia ya wenzake, akiwa na ngazi moja ya kupandia na ngazi yenyewe imegeuka kuwa dari, alikuwa na dakika moja, labda mbili. Watu huuliza kwa nini waliokufa ni wengi hivyo katika maji ya joto, kweupe mchana, huku manowari za kuwaokoa zikiwa karibu. Jibu ni hilo la ngazi. Wengi hawakufika majini kabisa. Bahari iliwafuata walikokuwa.

Na waliofika majini hawakuwa wamesalimika bado. Meli nyingine za msafara zilitawanyika kwa kasi, kama sheria ya wakati wa vita ilivyotaka, na Petard na Paladin zikarudi. Paladin ilianza kushusha mashua za kuwaokota watu. Lakini chombo cha kusikilizia mwangwi chini ya maji kilionyesha kwamba nyambizi ilikuwa imejificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea walionusurika, wakishikilia mbao na maboya. Nahodha wa Petard, Rupert Egan, alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: ama aiache nyambizi hai, na pengine ipige meli nyingine iliyojaa watu, ama aipige palipo nayo. Alitupa mabomu yanayolipuka kina kirefu chini ya maji.

Napenda tufahamu bomu la namna hiyo hufanya nini, maana vitabu hulitaja kwa wepesi. Hewa hubonyea, maji hayabonyei. Kishindo kinachotokea chini hupita ndani ya maji kikiwa na nguvu yake yote na kuingia katika mwili wa binadamu, kikipasua mapafu na matumbo hata pasipo jeraha la nje. Mtu anayeelea mbali anaweza kupona. Aliye karibu hafi kwa kuzama. Baadhi ya wale waliokuwa wameshinda giza la tumbo la meli, wakapanda, wakaruka, wakashika ubao na kuiona mashua ikija, waliuawa na manowari iliyotumwa kuwalinda.

Nimelitafakari jambo hili kwa miaka mingi, na sikusudii kumhukumu Egan. Meli nne zilizosalia zilikuwa na maelfu ya watu, na wengi wao pia walikuwa wetu. Kama ningekuwa mahali pake sidhani kama ningeamua vingine, na najua kwamba mabaharia wake walioona kwa macho yao waliibeba siku ile maisha yao yote. Ninachokikataa ni desturi ya kulisimulia tukio hili kana kwamba mateso yake makubwa yalikuwa ndani ya kifua cha aliyetoa amri. Mateso yalikuwa majini. Petard ilikuwa manowari mashuhuri. Mabaharia wake walipata vitabu vya siri vya Wajerumani kutoka nyambizi U-559 mwezi Oktoba 1942, na wawili kati yao walikufa katika kazi hiyo. Inastahili sifa yake. Lakini mashaka ya nahodha yakipewa kurasa kumi na askari wa mizinga wakapewa nambari moja tu, 996, basi habari haijasimuliwa nusu.

Nyambizi ililazimika kupanda juu. Paladin ilielekea kuigonga, ikaamriwa kuacha, ikageuka ikiwa imekwisha chelewa, na pezi la chuma la nyambizi likalichana tumbo lake hata ikabidi baadaye ivutwe hadi kisiwa cha Addu. Mizinga ya manowari ilipiga bila kuweza kulitoboa gamba la nyambizi kwa kiasi cha kuizamisha. Petard ikaanza kufyatua topido, moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoipata. I-27 ikazama na karibu wanamaji mia moja. Nao pia walikuwa na mama waliowangoja.

Niruhusuni niitaje meli nyingine hapa, kwa sababu inaligusa jambo lile lile kwa upande mwingine. Tarehe 23 Novemba 1942 meli ya abiria Tilawa, iliyotoka Bombay kuja Mombasa kisha kuendelea kusini hadi Durban, ilipigwa na nyambizi ya Japani I-29 katika Bahari ya Hindi. Humo walikuwamo wafanyabiashara, wake zao na watoto, watu waliokuwa wakirudi kwenye maduka na nyumba zao katika miji yetu. Baada ya pigo la kwanza wengi walishuka, kisha walipoona meli inaelea wakarudi ndani. Ndipo likaja pigo la pili. Kati ya watu 958 walikufa 280. Tilawa ilikuwa imebeba pia fedha, madini yale ya kutengenezea sarafu, mali ya serikali ya Afrika Kusini. Mwaka 2017 wazamiaji wa kampuni moja walituma mitambo katika kina cha zaidi ya kilomita mbili wakaitoa fedha ile, mapande 2,364, na kesi ya nani ana haki gani juu yake ikaenda hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo ilitoa uamuzi mwaka 2024. Mapande 2,364, sio 2,363. Yamehesabiwa moja moja baada ya miaka 75 chini ya bahari. Sina kinyongo na wazamiaji. Ninasema tu kwamba binadamu, anapotaka, anaweza kufuatilia na kuhesabu, hata penye giza na kina.

Tuwarudie wapiga mizinga. Katika vita vile habari za meli zilizozama zilizuiwa, ili adui asijue alichofanikiwa. Maana yake ni kwamba mwezi Februari, na pengine miezi iliyofuata, mama alikuwa bado akimtengea mwanawe sahani moyoni. Na habari ilipofika, ilifika bila mwili. Wanaojua mila zetu wataelewa uzito wa jambo hilo. Mjane wa Kiislamu huhesabu eda yake tangu siku ya kufiwa. Sasa atahesabu tangu lini, na atamswaliaje mumewe isipokuwa kwa swala ya ghaibu, asiyekuwa na kaburi la kwenda kulisomea? Wajaluo, mtu wao akipotea asipatikane, huchukua tunda la mti wa yago na kulizika badala ya mwili, kwa heshima zote za mazishi, ili aliyekwenda apate mahali nyumbani. Ninaamini kuna boma kandokando ya ziwa ambamo tunda la namna hiyo lilizikwa kwa ajili ya kijana aliyekufa karibu na Maldivi, na kwamba wajukuu wanaolima karibu na hapo hawajui limezikwa kwa nini.

Nairobi, katika Kenyatta Avenue, kuna sanamu ya askari na wapagazi wa vita vya kwanza, na chini yake yamechongwa maneno, kwa Kiswahili pia, yanayomwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo ilitolewa kwa baba za hawa wa 1944. Hawa wenyewe majina yao yako kwenye Barabara ya Ngong, katika makaburi ya vita ya Nairobi, kwenye ukuta wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki wa wale wasio na kaburi. Nilikwenda huko na nikasimama mbele ya safu zile mpaka jua likahamia upande wa pili. Majina yapo, nami nashukuru kwamba yapo. Lakini jina ukutani halisemi kijiji, halisemi kama alikuwa na mke, halisemi kama ndiye aliyekuwa akiandika barua za mtaa. Mengine yameandikwa kama karani mgeni alivyoyasikia, na ukiyasoma kwa sauti unatambua ndani yake jina jingine, la Kikamba, la Kijaluo au la Kinyamwezi, likijaribu kutoka.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu aliye mbali. Inataka masikio yanayojua kwamba jina fulani lililoandikwa vibaya ni Mutua, au Ochieng, au Juma. Inataka mtu wa kumuuliza bibi kizee, kabla hajaondoka, kama kulikuwa na ndugu wa baba yake aliyekwenda Keya, yaani jeshi la wakoloni, asirudi, na kama barua ya serikali ilipata kuja, na iliwekwa wapi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1944 leo ni mzee wa zaidi ya miaka themanini. Baadhi ya watoto hao ni mayatima wa meli hii, na wako miongoni mwetu.

Juu ya meza iliyo karibu na mlango nimeweka daftari. Upande wa kushoto wa kila ukurasa nimenakili majina kutoka ukutani kama yalivyo, pamoja na makosa yake, na upande wa kulia nimeacha wazi. Atakayeona jina analolijua, au linalokaribia analolijua, naomba aandike mkabala nalo kijiji, ukoo, na namna jina linavyotamkwa nyumbani. Kalamu zipo. Nitabaki hapa hadi wa mwisho aondoke, na wenye wazee wasioweza kuja, nitawafuata nyumbani kwao kwa siku watakayonipangia.